Nambari za Siri za Rosalie Drouillard

Ilikuwa Jumanne, barafu imeganda kwenye nyaya za daraja,
malori ya vipuri foleni hadi ng'ambo, Windsor,
nami, Stan Kowalczyk, mwaka wa kumi na tisa kazini,
nikakuonyesha kwa kidole: egesha pale, mama. Zima gari.
Hukuwa na kosa. Mashine ilikuchagua, kama kura.

Muuguzi. Zamu ya saa moja asubuhi, hospitali ya Detroit,
wodi ya watoto njiti. Ulinieleza hayo bila kuulizwa,
ukiitazama saa ya ukutani kana kwamba ndiyo inayolia.
Nikasema: simu.
Nikasema: nambari za siri.
Ukaziandika kwenye karatasi ya njano, tarakimu sita,
mwandiko wa mtu aliyezoea kuandika vipimo vya dawa.

Nyumba ya mtu hubishwa hodi.
Hata mdai mwenye hasira husimama kizingitini,
hata polisi huja na karatasi ya hakimu mkononi.
Mimi sikubisha. Mpakani, sheria yetu huutazama mlango
na kuuita begi.

Nikaingia na viatu vyangu.

Nikaona mguu wa kichanga, mwembamba kuliko kalamu yangu,
ukasema, "Hiyo si yangu kukuonyesha, ina mama yake,"
nami nikapitisha kidole, picha inayofuata, inayofuata:
risiti ya matairi, mbwa kwenye sofa,
dada yako Odette akikutukana kwa ajili ya nyumba ya urithi,
kisha titi lako la kushoto, mbele ya kioo cha bafuni,
na duara la kalamu nyekundu ubavuni mwake.
Ulimtumia daktari. Mumeo hukumtumia.
Nilitazama tarehe. Wiki tatu.
Ukajua nimefika wapi, maana ulivuta zipu ya koti
hadi kidevuni, na chumbani mle kulikuwa na joto.

Halafu sauti. Kifaransa sikijui,
nikaweka spika ili Delgado naye asikie, ndio utaratibu.
Bibi kizee akazungumza, akakohoa, akacheka peke yake,
na nyuma yake kijiko kikigonga sufuria.
"Anasema nini?"
"Anauliza kama nimekula."
"Yuko wapi?"
"Tulimzika Oktoba."
Delgado akatoka, ati kufuata kahawa.

Siri ya mtungi aijuaye kata, hunena watu.
Lakini kata haitii sahihi, haiandiki ripoti:
*Dakika arobaini na saba. Hakuna kilichopatikana.*
Hakuna!

Ukaja tena Machi. Njia yangu, zamu yangu.
Ukainyoosha simu kabla sijafungua mdomo,
nayo nyeupe, kitanda cha wodi kilichotandikwa upya:
namba ya hospitali, hali ya hewa, basi.
Nikamtafuta yule bibi. Nakiri, nilimtafuta.
Hakuwemo. Labda umemhifadhi penginepo,
labda umemfuta ili nisimguse tena,
na mimi ndiye niliyebaki na kikohozi chake.

Nilitaka kukuuliza, je, walilipasua?
Je, mwenzio anajua, au bado tunajua watatu,
wewe, daktari, na mtu wa kibanda namba tisa?
Swali hilo halivai sare.
Nikasema, "Safari njema."
Hukunijibu. Ulipandisha kioo taratibu,
kama anayefunga dirisha la chumba cha mgonjwa.

Karatasi ya njano niliichana siku ile ile, mbele yako.
Tarakimu hazikuchanika.
Nazijua kuliko siku ya kuzaliwa ya mwanangu.

Jana jioni Darlene alichukua simu yangu mezani,
alitaka kujua saa, hakuwa na miwani.
Miaka ishirini na sita tumelala kitanda kimoja.
Nikamnyang'anya.