Matundu ya Ziada

Jumamosi, saa tatu, Njoro.
Ghala la kahawa lisilo na kahawa tena,
harufu yake tu ndiyo imegoma kuhama.
Ndewirwa anafungua kufuli,
mhasibu mstaafu, kidole cha shahada kifupi kidogo
tangu msumeno wa mwaka juzi.
"Ada ya shule," husema. "Nimeshalipa."

Hatuna hata fundi mmoja aliyesomea.
Aikande ni muuguzi, anapiga randa
taratibu, kama anayesafisha kidonda.
Mimi nahesabu fedha za watu dirishani, benki,
wiki nzima nagusa karatasi;
nikifika hapa nataka kibanzi kinichome.

Nyumbani wanauliza: mnalipwa?
Tunalipwa maranda, ya kuwashia jiko.

Kituo cha watoto kule Pasua kilituletea uzi,
uzi mweupe wa kushonea, wenye mafundo manne:
la kisigino, la goti,
la nyonga, la kwapa.
"Huyu ndiye Nakijwa," akasema mlezi,
"miaka sita, shingo bado inabishana na kichwa.
Kiti chake hakipo dukani."

Tukachukua mgrivea ulioangushwa na upepo Kibosho,
nao una mafundo yake.
Jumamosi ya kwanza umeme ukakatika.
Nne zilizofuata: msiba, mvua, msiba, harusi.
Kisha mguu mmoja ukawa mfupi,
tukalaumu sakafu.
Sakafu haikuwa na kosa.
Msasa, gundi, vanishi,
nami nikapitisha kiganja kila ukingo
mara ngapi sijui, hilo sikulihesabu.

Tukampelekea. Tukamkalisha.
Goti likapita ukingo kwa vidole viwili.

Kimya. Ndewirwa akavua miwani.
Tulimpima kabla ya masika,
tukasahau kwamba masika hayapiti peke yake,
hupita na mtoto.
Mama yake akavitazama vile vidole viwili,
akaanza kucheka, akacheka hadi akaketi chini:
"Kumbe anakua! Mnaona? Huyu anakua!"

Tulirudi na kiti begani,
tukipokezana, kisha tukagombea zamu.

Siku hizi gundi tunaipaka pasipo budi tu.
Kwingine ni bolti, na kando ya kila tundu
keekee inatoboa mengine matatu,
matupu, yakisubiri.
Aikande huyapuliza unga wa mbao
moja baada ya jingine
kabla hatujafunga mlango.