Nyumba Isiyo Kwenye Orodha

Walinipa nyumba arobaini za Igogo,
vijiti arobaini vya kupimia sukari,
dodoso la maswali hamsini na mawili
na kalamu moja inayovuja.
Nyumba zimechaguliwa na kompyuta, alisema bwana takwimu,
ukiongeza hata moja umeharibu hesabu.

Kompyuta haijawahi kupanda Igogo.
Haijui kwamba nyumba ya saba iko juu ya jiwe
na ya nane iko chini ya jiwe hilohilo,
na katikati kuna ngazi ya matairi
na mbwa wa mzee Lugembe.

Swali la kumi na moja: unakula matunda mara ngapi kwa wiki?
Mama Bugumba akacheka mpaka akaweka mwiko chini.
Andika, mwanangu: siku papai likianza kuoza sokoni.
Swali la kumi na tisa: unafanya mazoezi?
Ndoo sita kutoka bondeni, jua halijatoka.
Kisanduku kinataka ndiyo au hapana.
Nikaweka ndiyo. Kalamu ikavuja.

Nyumba ya ishirini na sita, Malale,
mbeba magunia ya dagaa pale Mwaloni,
alinigeuzia kisigino.
Ndoano ya sangara ilikaa humo siku mbili.
Alitembea nayo, alilala nayo,
mkewe ndiye aliyeiona inanasa shuka.
"Nilidhani Mungu amenipa miguu migumu," akasema.
Dodoso halina swali la ndoano.

Nyumba ya thelathini na tatu walikataa.
Damu ya watu wangu haishuki mlima kwenye mkoba wa mtu,
akasema mwenye nyumba, akasukuma komeo.
Kijiti kimoja kikabaki.

Nilikuwa nateremka, ziwa limegeuka bati jipya,
kivuko cha Kamanga kinapiga honi,
mtoto akanivuta mkoba.
Wewe ndiye unayetoboa vidole? Njoo umtoboe bibi.
Kwenu namba ngapi?
Kwetu hawakuandika namba.

Bi Nyanzobe alikuwa amekaa kizingitini,
dumu la lita tano kati ya magoti,
anakunywa kama anayezima moto wa nyumba ya jirani.
Nyuma ya choo mtoto akanionyesha sisimizi,
msitari mmoja, mweusi, mpaka ukutani.
"Wanamfuata bibi tu. Mkojo wangu hawautaki."

Nikatoboa. Tone dogo, jekundu kama la yeyote.
Kipimo kikahesabu: tano, nne, tatu, mbili, moja,
kisha kikanyima namba.
Kikaleta herufi mbili tu, H na I.
Mtoto yuko darasa la tatu, ameanza Kiingereza.
Akaruka: Bibi! Kimekusalimia!
Na bibi, kwa adabu yake ileile ya kila asubuhi,
akaitikia: Marahaba.

Mimi sikucheka.
Salamu ile maana yake sukari imepita
pale ambapo mashine ilifundishwa kuhesabu.

Vijana wanne wakambeba kwenye kiti cha plastiki,
jiwe kwa jiwe,
wakigombana nani ashike mguu upi wa kiti,
mpaka barabarani, mpaka bajaji, mpaka wodini.

Jumatatu bwana takwimu alifungua karatasi zangu.
Vijiti arobaini vimetumika, nyumba thelathini na tisa.
Hiki kimoja kiko wapi?
Nikamwambia: kilisalimia mtu.
Akanitazama juu ya miwani,
akaandika: kimepotea.

Jana nilikwenda kumwona.
Nilimfundisha mjukuu kuiweka insulini
ndani ya chungu, chungu ndani ya mchanga mbichi,
kwa kuwa kwao friji ni picha ya kwenye kalenda.
Nesi akaja, akatoboa, akasubiri.
Kumi na moja nukta mbili.
Kimesemaje leo? bibi akauliza.
Kumi na moja, bibi.
Basi?
Basi.
Akavuta khanga begani, amenuna kidogo.
Hakikuamkia, akasema. Vitu vya mjini hivi.