Magadi, Kutoka Kilele cha Nne

Daktari aliandika "matembezi" mahali pa dawa,
na Mama, asiyeamini karatasi isiyo na vidonge,
akasema kama ni kutembea basi atatembea kwa maana,
si kuzunguka uwanja wa shule pale Kangemi
kama mbuzi wa kamba.
Ndiyo sababu saa moja unusu asubuhi tuko Ngong,
yeye na raba zake za turubai, mimi na ndizi sita,
na askari wa msitu, Parmuat, mbele yetu
akitembea kana kwamba mlima ni sebule yake.

Mitambo ya upepo inakata hewa juu ya vichwa vyetu.
Vuu. Kimya. Vuu.
Mama anataka kujua stima yake inamwendea nani,
maana kwetu ilipotea tangu Alhamisi.

Kilele cha kwanza ni cha kudanganya watu:
njia pana, nyasi fupi, mavi ya ng'ombe bado mabichi.
Cha pili kinaanza kudai.
Changarawe inakimbia chini ya soli,
leleshwa inanukia kama kabati la marehemu,
na maneno tunayaweka akiba.
Kila tukidhani tumefika, mlima unainama
ukatoa mgongo mwingine.
"Huu unatudai nini?" anauliza Mama.
Tupumzike, nasema.
"Pumzika wewe. Mimi nikikaa, goti litanikumbuka."

Kushoto Nairobi imejilaza ndani ya moshi wake,
maghorofa yamechomoza kama meno ya mtoto,
machache, na mojawapo limepinda.
Natafuta paa letu. Upuuzi, lakini natafuta.
Kulia hakuna kitu.
Nasema hakuna kitu kwa kukosa neno:
nchi imekatika, ikaanguka,
ikaendelea na shughuli zake huko chini
bila kutuuliza.

Kilele cha nne, amekaa. Anamenya ndizi.
Ukungu wa bondeni unasogea kama pazia lililokwama,
na mbali, mbali sana, kitu cheupe.
"Kile ni nini?"
Mabati, namwambia. Au plastiki ya mashamba ya maua.
Parmuat anaelekeza fimbo. "Ziwa. Magadi."
"Magadi magadi?"
"Magadi."

Mama ameshika ndizi, hali.
Miaka arobaini na ushee amenunua magadi kwa kijiko,
kwenye kipande cha gazeti, kwa Nafula pale sokoni,
akayatia kwenye mrenda, kwenye kunde,
kwenye maharage magumu ya mwisho wa mwezi.
Hata mwaka ule Baba alipohamia kwa yule mwingine,
mboga ikawa ndiyo chakula chote,
magadi hayakukosa.
Watoto watano, tumekula hilo ziwa.

"Nilidhani yanatoka kiwandani," anasema.
Ananyanyua kidole gumba, anafumba jicho moja:
ziwa zima linaingia chini ya ukucha.
"Dogo hivyo."
Halafu, ndizi ikiisha, "Na bado halijakwisha."

Vilele saba hatukuvimaliza. Goti lilikumbuka.
Kwenye mteremko wa cha tatu nikaanza,
kupanda mchongoma, Mama,
akanikata: "Usinimalizie methali. Nishike mkono."
Nikaushika. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyozoea,
na ulinata ndizi.
Tulishuka kiupandeupande kama kaa,
Parmuat akitungoja kila kona,
akijifanya anatazama ng'ombe.

Usiku stima ilikuwa imerudi.
Niliamka kutafuta maji, nikamkuta jikoni,
mguu wenye goti bovu juu ya kigoda.
Amemwaga magadi kidogo kiganjani,
ameyasogeza karibu na balbu,
anayachambua kwa kidole, polepole,
kama mtu anayetafuta mahali alipokuwa amesimama.