Kanuni ya Saba

Kiswahili hakikutufaa, kilikuwa cha Mama.
Kinyume alikijua zaidi, tangu skuli, Unguja:
ukisema "zame" keshaiona meza,
na glasi iliyovunjika chini yake.
Kiarabu kilikuwa cha Baba, na cha darasani.
Basi likizo ile ya Julai, Ruwi, ghorofa ya tatu,
kiyoyozi kikidondosha maji ndooni, to, to,
mimi na Thuwaiba tukatunga Kighorofa.

Maneno hatukuyagusa.
Neno ukilificha litatafutwa.
Tulichoficha ni foleni yake.

Ustadha Ilham, mwalimu wa nahau, alikwisha tufundisha
kwamba Mwarabu hutanguliza tendo, mtenda akafuata;
na mtenda asipotajwa, huteuliwa naibu wake
akakalia kiti chake, akavikwa dhamma yake.
Thuwaiba alicheka hadi akatolewa nje.
"Naibu! Kama wizarani!"
Na Kunjumon, mwenye duka la chini,
alituambia kwao Kerala tendo huja mwisho,
mteja amesimama na mchele, na kilo mbili, na kesho,
hajui bado kama atapewa au atanyimwa.
Sisi je? Kwetu mtenda anakaa mlangoni:
"ni-livunja", "tu-liiba".
Hujalitamka kosa, ushajikamata.

Ndipo tukaing'oa ile "ni" kichwani
tukaipeleka mkiani.

Daftari ninalo. Jalada wamelila mende.
Kanuni ya kwanza: anza na kitu, maana ndicho kilichoumia.
Ya pili: mahali.
Ya tatu: tendo, likiwa tupu, bila wakati;
wakati utaonyeshwa kwa kidole.
Ya nne imemwagikiwa chai, haisomeki,
na wala sikumbuki ilikataza nini.
Ya tano: mtenda huja mwisho, peke yake, kama aliyechelewa harusi.
Ya sita: Baba akiingia, kohoa.
Ya saba ni mwandiko wa Thuwaiba, kalamu nyekundu:
mtenda akiwa ni mimi, nyamaza.

Glasi, jikoni, vunja, Kunjumon.
(Tulimsingizia sana, Mungu atusamehe.)
Glasi, jikoni, vunja,
halafu kimya, na kimya kile ndicho kilichoungama.
Mama akipita na kapu la nguo mbichi
akidhani tunakariri orodha ya vifaa.

Thuwaiba akaolewa Suhar.
Miaka kumi na tisa tukaongea kwenye simu
Kiswahili cha watu wazima: watoto, bei ya nguru, joto.
Sentensi zilizonyooka, kila mtenda mahali pake,
na hapana hata moja iliyosema kitu.

Jumanne moja, saa nne za usiku, simu.
Nyuma yake televisheni, mpira, mtangazaji anapanda,
na kikohozi cha mumewe kwenye kochi.
Hakunisalimia.
"Pete," akasema. "Kabatini. Acha."

Nikamngoja mtenda.
Mtangazaji akapiga kelele, goli, goli,
mtu akapiga makofi. Jina halikuja.
"Begi. Mlangoni. Weka."
Na yule wa kochini, kama ana habari,
alisikia mke anamhesabia dada yake vyombo.

Nilikuwa jikoni kwangu, Al-Khudh,
mikono ina unga hadi kwenye viwiko,
nikikumbuka mwandiko mwekundu.

Kisha akakwama.
Swali hatukulitungia kanuni, sisi wawili;
tulikuwa na miaka tisa na kumi na mmoja,
tulichohitaji ni kukiri, hatukuhitaji kuomba.
Nikamsikia akipapasa, akilijenga pale pale,
kitu, halafu mahali, halafu tendo,
akiacha mwishoni tundu la mtu mmoja kuingia:

"Mlango. Kwenu. Usiku. Fungua…
nani?"

Nikanyamaza.

"Haya," akasema,
akakata.