Kofia na Dola

Niliiandika kwa dakika kumi na mbili, Alhamisi jioni,
roho ikiwa imeshatangulia njia ya Nizwa:

^[A-Za-z]+$

Kofia mwanzo, dola mwisho,
katikati mabano ya mraba kama geti la karakana kule Wadi Kabir.
Herufi ishirini na sita zipite, kubwa kwa ndogo,
alama nyingine zote zisimame nje, juani.
Sikuwaza kwamba dola ina maana mbili.

Jumapili asubuhi nimekuta picha ya skrini
kutoka kliniki ya meno ya Al Khuwair.
Kisanduku chekundu. Chini yake, sentensi yangu mwenyewe:
Tafadhali andika jina sahihi.
Ndani yake: Ng’washi.

Msusi, kwao Shinyanga, gego linamuuma tangu Ijumaa.
Amejaribu mara nne,
ya nne kwa herufi kubwa tupu,
kama anayepaza sauti kwa kiziwi.

Na kiziwi ni mimi, Raiya,
niliyelelewa Seeb kwa Kiswahili cha jikoni
na Kiarabu cha sebuleni,
mjukuu wa mwanamke wa Ng'ambo.
Nimesahau kwamba ng'ombe bila ritifaa hakamuliki.
Kwamba jino ni la kung'oa,
na ngoa, ukiiacha hivyo, ni wivu tu.

Nikaongeza ritifaa. Nikajaribu: imepita.
Nikamwandikia: sasa jaribu.
Chekundu.

Kumbe simu yake huweka ritifaa iliyopinda, kama ukucha,
kibodi yangu hupiga iliyonyooka, kama msumari.
Kwa jicho ni moja.
Kwa mashine ni watu wawili wasiojuana.

Nikaongeza na hiyo. Ndipo wakaja wengine,
utadhani wameambizana:
Al-Riyami na kistari chake,
Peña na kiwimbi juu ya n,
na mlinzi wa jengo, mtu wa Kerala,
jina lake ni Sukumaran, basi, halina mwenzake;
kisanduku cha ukoo alikitilia nukta,
nukta nayo ikakataliwa.
Kila nilipotoboa tundu, hodi ilipigwa pembeni.
Kanuni ikarefuka, mabano tumboni mwa mabano,
mikwaju imelala kinyumenyume,
hata mimi niliyeizaa siwezi kuisoma kwa sauti.

"Na mtu akiandika 1234?" Bwana Ghassan aliuliza.
Aitwe 1234 kwenye chumba cha kungojea, nikasema,
tuone atasimama nani.
Hakucheka.
Nikafuta yote mbele yake. Kofia. Dola. Geti.
Sharti limebaki moja: pasiwe patupu.

Usiku ninaowawaza si waliokataliwa. Hao walilalamika.
Ni wale waliopita.
Miezi kumi na minne, mistari elfu saba na kitu,
majina safi, hakuna ritifaa hata moja.
Nimepekua: Ngwandu. AlRiyami. DSouza.
Haya nayakisia.
Lakini yaliyobaki sijui lipi lilizaliwa hivyo
na lipi lilijing'oa kitu mlangoni
likakiacha pale, likaingia.
Hakuna amri ya kuuliza hilo. Nimetafuta.

Jumatatu, saa nne, orodha ya daktari.
Karani Zamzam, naye mtoto wa Kiswahili,
amejaza maelezo kwa mkono wake:

Ng’washi Lutandula. Gego la chini, kushoto. Kung'oa.

Ritifaa mbili kwenye mstari mmoja,
moja imepinda, moja imenyooka.