Ukuta wa Shirika

Nyumba yangu na ya Shekuwe, hapa Mkomani,
zinaegemea ukuta mmoja.
Upande wangu una vidaka vitatu na saa iliyokufa;
upande wake, sijui. Miaka kumi na tisa
nasikia tu kikohozi chake na masufuria yake,
naye, bila shaka, hunisikia nikimsomea paka
habari za Wayunani.

Ualimu nimestaafu, mdomo haujastaafu.
Nikishaswali isha humrudia yule mzee wa Athene, gerezani:
bawabu keshahongwa, rafiki kaja alfajiri na njia ya kutorokea,
naye hatoki.
Sheria, asema, zimemjia zikasimama mbele yake
kama shangazi, mikono kiunoni:
Nani aliwaoza wazazi wako? Nani alikufunza kusoma?
Lango la mji lilikuwa wazi miaka sabini.
Hukuondoka.
Kukaa kwako ndiko kutia sahihi kwako.

Hivyo nilivyofundisha, kwa sauti ya dalali,
mpaka Mwanamize binti Famau, dawati la nyuma,
akanyoosha mkono:
"Na yule aliyekanda chokaa ya majumba haya, mwalimu,
akabeba mawe toka Manda, akalala chini ya ngazi,
lango lake lilikuwa wapi?
Yeye naye alikaa. Tuseme alikubali?"
Kengele ikaniokoa. Siku hizo nilidhani kengele ni jibu.

Wengine wa kwao walikuwa na maneno makavu zaidi.
Haki, walisema, ni maafikiano ya waoga:
nisikudhuru, usinidhuru, basi.
Mpe mtu pete ya kumfanya asionekane
uone kama uadilifu wake utafika asubuhi.

Mwezi wa tano mvua ilipiga siku tatu.
Umeme ukakatika toka Langoni hadi huku;
mji mzima ukavishwa pete.
Mfereji wa kichochoroni ukafurika,
maji yakaja kunusa kizingiti changu.
Nikatoka bila taa, kikoi nimekipandisha magotini,
nikasogeza jiwe, moja tu, halizidi nazi,
na maji yakageuka kwa adabu
yakaenda kwa Shekuwe.

Hakuna aliyeniona. Hata punda aliyejibanza chini ya wikio
alitazama kwingine.
Nililala. Nakiri: nililala vizuri.

Lakini matumbawe hayajasoma falsafa.
Hunywa upande ule, hutapika upande huu.
Ijumaa saa iliyokufa ilidondoka kidakani
na kipande cha lipu kikaifuata;
unyevu ulikwisha chora ramani
hadi kwenye rafu ya vitabu.

Shekuwe akabisha hodi, kanzu kaikunja, tope mpaka vifundoni.
Hakuuliza maji yalipitia wapi.
"Chokaa nimeagiza. Nusu yako, nusu yangu,
kama walivyofanya baba zetu."
Baba zetu! Wangu alikuja toka Siyu na mkeka na deni.
Karatasi hakuna. Nimepekua sanduku lote.

Nilisimama, lile jiwe limenikaa ulimini.
Je, alijua? Au naye ana usiku wake wa kiza
asioutaja?
Tukachanganya chokaa. Alipobandua lipu kuukuu
zikatokea alama za vidole, vinne na gumba,
vidogo, vya mtu aliyekandika hapa
kabla ya babu wa babu zetu
na asiulizwe jina.

Ndiyo sahihi pekee niliyoiona kwenye nyumba hii.

Shekuwe aliinua mwiko aifunike. Nikamshika mkono.
Tumepaacha wazi, padogo, kiasi cha kiganja.
Habari ya jiwe sijamwambia.
Jana nilifungua kitabu, sikufungua kinywa,
paka akaninyanyulia macho,
na kutoka ng'ambo ya ukuta, baada ya kikohozi:
"Soma basi, mwalimu.
Uliishia pale mlango uko wazi."