Ka ya Nne

Duka la asali likishafungwa, hapa Isevya,
vidole vyangu bado vinanata kwenye kioo cha simu,
ndipo ninapokwenda shule.
Mwalimu wangu yuko Gungu, Kigoma. Anajiita Bukuru.
Ni mke au ni mume, sijui; “a” yetu haisemi,
nami sikuuliza.

Usiku wa kwanza niliingia kwa kishindo.
Nilimleta Lusambo: mapanga mawili, roho saba kama paka,
risasi zinamteleza kama mvua kwenye bati.
Bukuru akamleta Nakazi,
mkunga, ana kapu lenye kifuniko,
amekaa kwenye benchi la stesheni isiyo na jina.
Basi. Hakuongeza kitu.

Nikaandika mbio, kama mtu anayewahi kifurushi kisiishe:
Lusambo akalinyakua kapu, akalifunua,
Nakazi akaanguka, akalia, akaomba radhi.
Nikatuma. Nikajiona bingwa.

Kimya.
Nje, mbwa wa jirani, na treni ya mizigo
ikipanga mabehewa, yapi ya Mwanza, yapi ya Kigoma.
Kisha jibu likaja ndani ya mabano,
maana mabano ni mlango wa uani,
hapo tunaongea sisi, siyo wao:

(Huyo ni wangu. Machozi yake nitayalia mwenyewe.
Na kapu umeshalifungua. Haya, niambie,
mna nini?)

Sikujua mna nini.
Nilikuwa nimeiba kitu nisichokijua.

Turudi mwanzo, akasema. Achana na “ni”, shika “a”:
huyo Lusambo siyo wewe,
akitukanwa, wewe usinune.
Halafu mpunguzie roho, abaki na moja;
asiyeumia hana wa kuongea naye.
Na hili, ambalo lilinikaa kooni kama mwiba wa mgebuka:
akaingia, akavua kofia, akakaa.
Ka tatu zinakutosha.
Ya nne mwachie mwenzio.

Ikawa kazi. Miezi, siyo siku.
Umeme ukikatika katikati ya sentensi
Lusambo hubaki mguu mmoja hewani mpaka asubuhi,
na Nakazi humngoja bila lawama.
Nimejifunza kuishia kwenye kitu kinachoshikika:
kiberiti kinachonyooshwa, swali,
jina lililotajwa nusu.
Siku nilipomwandika Lusambo anachechemea,
aibu ikanijaa, nikadhani nimemwangusha.
Kumbe ndiyo siku Nakazi alipomtazama.

Jumapili alikuja Mlekwa, mdogo wangu,
yule wa pesa za mizinga.
Miaka minne nimekuwa nikimwandikia majibu yake kichwani:
atasema hivi, nitamkata vile,
atalia, nitamsamehe, ataondoka mdogo kuliko alivyokuja.
Nilikuwa na kila neno lake, mpaka kikohozi.

Nikamvutia kigoda. Nikamimina maji. Nikakaa.

Akachelewa.
Akachelewa kuliko Bukuru, kuliko umeme.
Nzi alitua kwenye ukingo wa kikombe, akazunguka wote, akaruka.
Ulimi wangu ulikuwa na sentensi nzima, imepigwa pasi.
Nikaimeza.
Kisha Mlekwa akasema jambo
ambalo sikuwahi kumwandikia,
na sitaliandika hapa. Ni lake.

Bukuru sijamweleza. Pengine kwenye mabano, siku moja.

Usiku huu kuna baridi, asali imeganda kwenye madumu,
na kwenye stesheni isiyo na jina taa imewashwa.
Nakazi kalisogeza kapu.
Kifuniko kimeinuka, upana wa ukucha tu.
Zamu yangu.
Lusambo anaona ndani kuna…
Hapana. Nafuta.
Nasugua vidole kwenye kanga ya mama, naanza tena:

Akainama. Akanusa. Akasubiri.